Nani hulipa ada za ardhi nyumba inapouzwa Thika na Ruiru?

ANAYENUNUA nyumba au ploti Thika au Ruiru hujadiliana sana kuhusu bei, kisha hugutushwa na deni ambalo halikutajwa: ada za ardhi ambazo muuzaji hajalipa kwa miaka mingi.

Ada hizo hutozwa kila mwaka na Serikali ya Kaunti ya Kiambu, kwa mamlaka ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Kabla ya 2013 zilikusanywa na mabaraza ya manispaa. Zisichanganywe na kodi ya ardhi, ambayo hulipwa serikali ya kitaifa na walio na ardhi kwa mkataba wa kukodi.

Baina ya muuzaji na mnunuzi, desturi ya mawakili ni kugawa ada kwa siku. Muuzaji hubeba mzigo hadi siku ya kukamilisha mauzo, mnunuzi akaupokea kuanzia hapo. Tuseme ada ya mwaka ni Sh7,300, yaani Sh20 kwa siku, na muuzaji ameilipa yote. Mauzo yakikamilika Juni 30, sehemu yake ni siku 181, ambazo ni Sh3,620. Mnunuzi humrudishia Sh3,680 za siku 184 zilizosalia. Malimbikizo ya miaka iliyopita ni ya muuzaji, isipokuwa mkataba useme vingine.

Hata hivyo, mapatano hayo hayaifungi kaunti. Deni huandama ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ilipopitishwa, ilimkataza msajili kusajili uhamisho bila cheti cha kuthibitisha kwamba ada zimelipwa. Muuzaji akishapokea pesa zote na kutoweka, atakayebaki na deni ni mnunuzi, apende asipende.

Hatari ni kubwa zaidi kwa ploti zilizokatwa kutoka mashamba makubwa, kama yale ya kahawa yaliyogeuzwa mitaa ya makazi Ruiru. Kabla ya ugawaji kusajiliwa, ada hudaiwa kwa hatimiliki ya shamba zima. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 anaweza kuwa amemaliza malipo, hata amejenga, lakini asipate hatimiliki yake kwa sababu ya deni la shamba zima.

Malipo mengine hayana utata mwingi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa, asilimia 2 mashambani. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji. Ilirejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5, ikapandishwa hadi 15 Januari 2023.

Mnunuzi aombe cheti cha kaunti chenyewe, wala si risiti tu, kwani risiti ya mwaka huu haionyeshi kwamba miaka iliyotangulia ililipiwa. Asilimia 10 inayotangulizwa kwa kawaida yafaa ibaki mikononi mwa wakili hadi cheti hicho kipatikane.