Kurekodi Upya na Rekodi Mama

Kurekodi upya ni mwimbaji kurudi studio na kuuimba tena wimbo alioutoa zamani, ili ipatikane rekodi nyingine inayojitegemea. Si rimiksi wala kusafisha sauti ya awali, maana kazi hizo mbili hutumia sauti zile zile zilizonaswa mwanzo. Wala si kuimba wimbo wa mwenzako, kama Miriam Makeba na Boney M. walivyouimba "Malaika".

"Malaika" unatupa mfano wa hapa nyumbani. Fadhili William aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys, kisha akaurekodi tena kwa studio ya Equator Sound, Nairobi, katika miaka ya 1960. Wimbo mmoja, rekodi mbili. Ubishi kuhusu nani aliutunga, ambapo wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania, ni wa utunzi. Sauti iliyo kwenye santuri ni jambo jingine.

Sheria nayo huyatenganisha mambo haya mawili. Nchini Kenya, utunzi hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi; rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Sheria ya Tanzania hutaja hakimiliki, kisha huongeza neno linalofaa kusambaa: hakishiriki, yaani haki za waimbaji na watayarishaji.

Rekodi ya kwanza, ambayo santuri, kaseti na faili zote hutokana nayo, studio huiita masta. Napendekeza rekodi mama, kwa mfano wa kampuni mama. Jina hili linaonyesha wazi kwamba nakala zina chanzo, na chanzo kina mwenyewe.

Kisa cha Marekani kinaonyesha uzito wa jambo hili: Taylor Swift, wakati huo mwimbaji wa kantri, alitoa singo ya "Love Story" mwaka 2008. Mwaka 2019 kampuni iliyomrekodi iliuzwa, na rekodi mama zake zikaenda nayo. Utunzi ulibaki wake, basi muda ambao mkataba ulimkataza kurekodi upya ulipokwisha, aliurekodi wimbo huo upya, akautoa tena Februari 2021. Rekodi zote mbili zilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri ya Billboard, kama ilivyokuwa kwa "I Will Always Love You" ya Dolly Parton, ya 1974 na ya 1982.

Msanii anayeingia studio mtaani Lavington, Nairobi, leo anahitaji msamiati huu kabla ya kutia sahihi. Tukisema "ameuza wimbo", hatujui ameuza nini. Mkataba wa Kiswahili useme mambo matatu waziwazi: utunzi ni wa nani, rekodi mama ni ya nani, na baada ya miaka mingapi msanii ataruhusiwa kurekodi upya.