Madaktari na Wahandisi wa Moyo: Historia ya Mafunzo Dar es Salaam

Mafunzo ya vijana wa kutafiti magonjwa ya moyo kwa nyenzo za uhandisi yana vyanzo viwili Dar es Salaam: chuo cha ufundi na shule ya udaktari. Vyote viwili viko karibu na Kariakoo. Hata hivyo, kwa miongo mingi kila kimoja kilifundisha kivyake.

Ufundi ulitangulia. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilianzishwa 1957, na kwa sheria ya 1997 kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Uhuru ulipopatikana 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi 2 tu, kwa hesabu iliyotajwa na Mwalimu Julius Nyerere. Shule ya udaktari ilifunguliwa 1963, na 1968 ikapandishwa hadhi kuwa kitivo cha chuo kikuu. Uhandisi wa ngazi ya shahada ulingoja hadi 1973, Kitivo cha Uhandisi kilipoanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Utengano huo uliwaumiza zaidi wagonjwa wa moyo. Katika Afrika Mashariki watoto na vijana wengi huupata ugonjwa huo kutokana na maambukizi ya koo. Yasipotibiwa, kinga ya mwili hugeuka na kuharibu valvu, yaani milango ya moyo. Daktari anaweza kulisikia tatizo kwa kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, lakini kuirekebisha milango hiyo kwa upasuaji kwa kawaida kunahitaji mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu huku moyo ukiwa umesimamishwa. Mashine ya namna hiyo ilifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1953 mikononi mwa John Gibbon, Marekani. Nchi isiyo na watu wa kuiendesha na kuitengeneza hulazimika kuwasafirisha wagonjwa wake, na Tanzania iliwapeleka hasa India.

Mwaka 2008 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo. Mwaka 2015 huduma hiyo ilipata taasisi yake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoongozwa kwanza na Profesa Mohamed Janabi. Hapo wanafunzi walipata mahali pa kujifunzia kwa wagonjwa wa nchini mwao, penye mtambo wa Cathlab unaowezesha kutibu mishipa kwa kupitia tundu dogo.

Hatua ya kikanda ilikuwa imeanza 2014, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha za vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ilipewa figo, Uganda saratani, Tanzania sayansi ya moyo na mishipa ya damu, na Rwanda uhandisi tiba. Kituo cha Tanzania kiko chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, katika kampasi ya Mloganzila. Mgawanyo huo ulitenga tena moyo na uhandisi, safari hii kwa mipaka ya nchi, ingawa vituo vyote vilikusudiwa kuihudumia jumuiya nzima. Pengo hilo linazibwa pia nyumbani: MUHAS inatoa shahada ya uhandisi tiba, na DIT inafundisha mafundi wa vifaa tiba.

Utafiti unaowasubiri vijana wanaosomea fani hizi ni mkubwa. Valvu bandia ya kimitambo, inayowekwa badala ya iliyoharibika, hudumu, lakini humlazimu mgonjwa kumeza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, jambo gumu kwa anayeishi mbali na maabara. Valvu ya tishu za mnyama haimfungi kwa dawa hizo, lakini huchakaa mapema, hasa kwa kijana, na kumrudisha kwenye upasuaji. Valvu imfaayo kijana wa Afrika Mashariki haitabuniwa na mhandisi asiyewahi kuingia wodini, wala na daktari asiyejua mwendo wa majimaji na tabia za metali. Kwa hiyo mtafiti wa fani hii anahitaji kulelewa kote kuwili: wodini na kwenye karakana, chini ya walimu wa udaktari na wa uhandisi wanaosimamia utafiti mmoja.