Wamakonde walitembea hadi Ikulu, mimi nilishindwa kufika shule ya jirani

Wasee, niseme ukweli. Uchaguzi wa 2022 nilikuwa nimejiandikisha, kitambulisho kiko mfukoni, kituo kiko shule ya msingi ya hapa mtaani. Dakika tano tu. Nikalala. Na sikuwa peke yangu: kati ya kila wapiga kura 100 waliojiandikisha, kama 35 hivi hatukutokea.

Kilichoniamsha ni historia ya Wamakonde.

Walikuja kutoka Msumbiji enzi za mkoloni, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wakazaa, wakazika wazee wao Kwale. Uhuru ukaja 1963, lakini wao hawakuhesabiwa kuwa raia. Sasa fikiria maisha bila kitambulisho: benki hufungui akaunti, laini ya simu unasajiliwa na mtu mwingine, polisi akikusimamisha huna la kuonyesha. Siku ya kura unatazama tu majirani wakipanga foleni.

Oktoba 2016 wakachoka kungoja. Mamia wakafunga safari ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Agosti 2017, wazee waliozaliwa humu humu nchini wakapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Baadaye Washona nao wakatambuliwa, kisha Wapemba.

Najua mtaniambia, "Lakini kura huwa zinachezewa." Sawa. Hata hiyo kura ya kwanza ya Wamakonde, upande wa urais, ilifutwa na Mahakama ya Juu 1 Septemba 2017. Inauma, ama? Lakini kura zao za mbunge, gavana na MCA zilibaki. Na MCA ndiye anapitisha bajeti ya kaunti, ile ya zahanati na barabara za mtaa wako.

Halafu fikiria hivi: kama kura haina maana, mbona mtu atoke Kwale hadi Nairobi kudai kitambulisho kinachomruhusu kuipiga? Mwanasiasa anaomba kura kwa mwenye kura. Asiye nayo anapitwa tu kama mti wa kando ya barabara. Wamakonde walinyimwa kura miaka zaidi ya 50. Mimi nilijinyima mwenyewe, kwa sababu ya blanketi.

2027 sirudii. Wewe je, umejiandikisha?