Nyumba Mbili Zisizo na Paa

Kamusi zinasema majira haya ya Ulaya yaitwe vuli. Sijawahi kuzoea. Vuli niliyokulia ni mvua za Oktoba, jembe begani, na mama anauliza kwa nini mbegu bado ziko ndani ya debe. Vuli ya huku ni jambo jingine kabisa: majani yanageuka rangi ya binzari, kisha ya kutu, kisha yanaanguka yote, na watu badala ya kusikitika wanavaa mabuti na kwenda kuyatazama.

Basi na sisi tukaenda. Shemeji yangu anaendesha basi hapa Bristol na hapati Jumamosi ya mapumziko mara nyingi. Alipoipata akasema, "Shemeji, nipeleke huko kwenye magofu yako unakokuhubiri kila siku." Magofu yangu ni abasia ya Tintern, ukingoni mwa mto Wye, upande wa Wales. Tukavuka daraja la Severn asubuhi, tukashuka mji wa Chepstow, tukaanza kupanda msituni kwa miguu, yeye amebeba chupa ya chai ya tangawizi na chapati zilizofungwa kwenye karatasi, mimi nimebeba maneno mengi.

Kwa msomaji ambaye hajafika: mto Wye unapinda kama nyoka chini ya magenge ya mawe, na pande zote mbili ni msitu wa miti mikubwa ya zamani. Bahari iko karibu, kwa hiyo mto unajaa na kupwa. Tulipochungulia kutoka juu, maji yalikuwa yametoka, na kingo zilibaki tope tupu la kahawia linalong'aa. Shemeji ni mtu wa Pangani. Alisimama akatazama kwa muda, akasema, "Hili tope nalijua."

Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za washairi. Mwaka 1798, mwezi wa Julai, William Wordsworth alipita bonde hili na dada yake Dorothy, wakitokea Bristol kwa miguu kama sisi wa basi, na shairi lililotokana na safari hiyo likachapishwa mwaka huohuo. Jina lake linaitaja Tintern, lakini lisome kutoka mwanzo hadi mwisho, abasia yenyewe humo haimo. Kuna mto, miti, kumbukumbu, na nafsi ya mshairi, nayo imejaa tele. Miaka mitatu kabla, Coleridge na Southey walikuja huku na rafiki yao muuza vitabu Joseph Cottle. Wakagombana Chepstow, wakapatana, wakapotea msituni usiku. Ni mwaka huohuo wa 1795 Coleridge alipotoa mhadhara Bristol dhidi ya biashara ya watumwa, katika bandari ambayo meli zake zilifanya zaidi ya safari 2,000 za biashara hiyo.

Hapo ndipo ningepaswa kusema neno kuhusu njia tuliyokuwa tunaikanyaga, na sikusema. Nilikuwa bado naitunza hadithi hiyo kwa ajili ya mbele.

Njia yenyewe haikujitokeza tu. Iliyachongewa macho ya wageni. Miaka ya 1750 bwana mmoja, Valentine Morris, aliyekuwa amerithi shamba hili liitwalo Piercefield, alipasua njia kwenye ukingo wa genge na kuweka vituo vya kutazamia: pango hapa, kibaraza pale, mahali pa kukaa mto ukionekana mara mbili kwa mpigo. Kituo kimoja ni pango la mwamba ambalo njia inapita katikati yake. Shemeji aliingia humo akapiga ukelele kama mtoto ili asikie mwangwi. Watalii wa karne ya 18 walifanya hivyohivyo. Waliteremka mto kwa mashua, wakapanda Piercefield, wakaandika barua nyumbani. Morris alikuwa mzaliwa wa Antigua, na fedha za familia yake zilikuwa za miwa ya huko, iliyolimwa na watumwa. Alitumia vibaya, akafilisika, akarudi Karibi, akawa gavana wa St Vincent, Wafaransa wakamteka kisiwa kikiwa mkononi mwake, na baadaye akafungwa London kwa sababu ya madeni. Huyo tumpite. Si yeye aliyenileta.

Ukiacha njia ya mto na kupanda upande wa malisho, unatokea uwanda mpana. Leo ni uwanja wa mbio za farasi. Pembeni yake, juu ya nyasi, imesimama nyumba kubwa ya mawe isiyo na paa. Ramani ya kwanza ilichorwa na msanifu John Soane, miaka ya 1790. Madirisha yamebaki matundu, unaona mawingu kupitia ghorofani, na mimea imejiotea ukutani. Hakukuwa na mgeni mwingine pale zaidi yetu na kunguru.

"Hii ya nani?" Shemeji akauliza.

Nikamwambia: ya mtu mweusi.

Akacheka, akidhani namtania. Nikamweleza. Mwaka 1802 nyumba hii na mashamba yake ilinunuliwa kwa pauni 90,000 na kijana wa miaka 22, Nathaniel Wells. Alizaliwa kisiwa cha St Kitts mwaka 1779. Baba yake, William Wells, alikuwa mfanyabiashara kutoka Cardiff aliyetajirika kwa mashamba ya miwa. Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumbani mwa huyo bwana, aliyeitwa Juggy. Baba hakuwa na mtoto wa ndoa aliyebaki hai, akampeleka Nathaniel kusoma Uingereza, na alipofariki mwaka 1794 akamwachia sehemu kubwa ya mali. Mama aliachwa huru, akachukua jina la Joardine Wells. Kijana alipofika umri wa kurithi alioa binti wa kasisi, kisha akanunua hapa tuliposimama.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1818 aliteuliwa kuwa sherifu wa Monmouthshire, mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kushika cheo hicho Uingereza. Alikuwa hakimu. Alikuwa luteni wa kikosi cha farasi cha Chepstow. Wageni walioendelea kuja kutembea kwenye zile njia za Morris walikuwa wageni wake.

Shemeji alisimama pale akiwa ameshika kiuno. "Yaani hawa wote," akaonyesha uwanja mzima kwa mkono, "walikuwa wanamvulia kofia mtoto wa Juggy?" Akaniomba nimpige picha mbele ya ukuta. Alisimama wima kama mwenye nyumba. Alitaka kumtumia mwanawe, ambaye wiki ile alikuwa amerudi shuleni na neno baya aliloambiwa na mwenzake, na hakuwa amepata jibu la kumpa. Sasa alikuwa amelipata. "Nitamwambia, mwanangu, mwaka 1818!"

Ningeweza kunyamaza. Ninakiri nilifikiria kunyamaza. Mtu amepata furaha yake, ameishika mkononi, chai bado ya moto. Lakini nilikuwa nimemleta mwenyewe, na nusu ya habari ni kama nusu ya dawa.

Nikamwambia Nathaniel Wells hakuuza mashamba ya St Kitts ili awe bwana wa huku. Aliyashikilia. Pauni zilizolipa fundi, farasi, mishumaa na divai zilikuwa za sukari, na sukari ilikuwa ya watu kama mama yake. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, yeye akiwa hapa. Utumwa wenyewe ukaendelea makoloni hadi 1834. Serikali ilipoukomesha ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Fidia ikalipwa kwa waliomiliki. Waliomilikiwa hawakupata hata senti, na wengi wao wakaambiwa waendelee kuwatumikia mabwana walewale hadi 1838. Katika hesabu hizo jina la Wells limo: kwa watu 86 wa shamba moja alilipwa pauni 1,400 na ushee.

Na kile kikosi cha farasi? Mwaka 1822 kilipelekwa kuwazima wachimba makaa ya mawe na mafundi wa chuma waliogoma. Luteni Wells alikuwemo.

Shemeji hakusema kitu. Alifungua chapati, akakata vipande viwili, akanipa kimoja. Tukala tukitazama matundu ya madirisha.

Kuna waandishi wanaomsoma Wells kama msaliti, na wako wanaomweka kwenye orodha ya "weusi wa kwanza" na kufunga ukurasa. Wote wawili wananikera kidogo. Wa kwanza wanamdai kijana wa miaka 21 ushujaa ambao hawajawahi kujidai wenyewe. Wa pili wanamtoa Juggy kwenye hadithi baada ya mstari mmoja. Mimi ninachokiona ni kwamba alijua. Mzungu aliyerithi miwa angeweza kujidanganya kwamba wale wa kule si watu kama yeye. Wells hakuwa na mlango huo wa kutokea. Aliishi nusu karne na zaidi akijua sukari inatoka kwa nani, na akaendelea kuipokea.

Tulipoanza tena kutembea ndipo Shemeji akasema. "Kwetu Pangani kulikuwa na miwa." Najua, nikamjibu. "Hujui," akasema, "subiri." Akanieleza kwamba utotoni walikuwa wakicheza kwenye kuta za zamani ng'ambo ya mto, na wazee walisema hapo palikuwa na mashine ya kukamulia miwa. Karne ya 19 kingo za mto Pangani zilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, waliotoka bara na misafara. Abushiri bin Salim, yule yule tuliyemsoma shuleni, aliyewapiga Wajerumani mwaka 1888 na 1889 wakamnyonga palepale Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa karibu na mji. "Mwalimu alituimbisha habari za Abushiri mpaka sauti zikakauka," akasema. "Nani alimkatia miwa? Hilo sikuuliza, wala yeye hakusema."

Tulishuka Tintern saa tisa alasiri, jua limelala juu ya kilima. Sitaeleza sana, picha zake zimejaa kila mahali tangu Turner alipoichora miaka ya 1790. Watawa Wasitoo walifika hapa mwaka 1131, kwa ardhi waliyopewa na Walter de Clare. Walifuga kondoo na kuuza sufu. Kanisa kubwa tunaloliona lilianza kujengwa 1269. Tarehe 3 Septemba 1536 wakaikabidhi kwa Mfalme Henry VIII, ambaye alikuwa anafunga nyumba za watawa na kuchukua mali zake. Madini ya risasi yaliyoezekea paa yakabanduliwa na kuuzwa, mvua ikaingia, kazi nyingine ikamalizwa na karne. Matao yamebaki. Dirisha kuu la magharibi limebaki na nakshi zake za mawe, halina kioo, na siku ile lilikuwa limejaa msitu wa rangi ya machungwa. Hapa watu walikuwepo, tena wengi. Kulikuwa na foleni ya kahawa.

Kasisi William Gilpin alipita mwaka 1770, na kitabu chake cha 1782 ndicho kilichowafundisha Waingereza kulitazama bonde hili kama picha. Kuna sehemu moja humo ambayo sijaisahau. Ndani ya magofu waliishi maskini, katika vibanda, wakiomba. Mwanamke mmoja aliyeweza kutembea kwa shida alimwahidi kumwonyesha maktaba ya watawa. Akajikokota, wakamfuata, wakafika kwenye chumba chenye unyevu, kitanda kibovu: alikuwa amewaleta nyumbani kwake. Maktaba hakuna. Gilpin, ambaye kwa kawaida alikuwa na maoni hata juu ya kuta gani zingependeza zaidi zikivunjwa kidogo kwa nyundo, aliandika kwamba hajapata kuona makazi duni namna ile. Wordsworth alipopita miaka 28 baadaye, mwanamke huyo wala vibanda vyenyewe havimo katika shairi.

Nilimsimulia Shemeji hiyo tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi, pale walipokuwa wakilia chakula watawa. Akatazama juu, mahali paa lilipokuwa.

"Na wale 86," akasema, "majina yao yapo?"

Yapo, nikamwambia. Kuanzia 1817 mabwana wa St Kitts walitakiwa kuwaandikisha watumwa wao kwenye daftari: jina, umri, jinsia, mahali pa kuzaliwa. Wengi wana jina moja tu, bila ubini.

"Basi nitafutie," akasema. "Mwanangu nitampa picha, na nitampa na hayo."

Basi la kurudi lilichelewa. Tulimalizia chai ikiwa imepoa, majani yanaanguka juu ya paa la kituo, yeye anahesabu kwa dereva mwenzake dakika alizochelewa.