Gurudumu katika Njia ya Mguu: Habari za Baisikeli kati ya Ziwa na Serengeti

Wanaoandika historia ya nchi zetu hupenda kuanza na reli, meli na barabara kuu, kwa kuwa vitu hivyo viliacha hesabu katika vitabu vya serikali. Baisikeli haikuacha hesabu ya namna hiyo. Haikufunguliwa na gavana kwa kukata utepe, wala haikudai ijengewe njia yake. Ilikuja kimya kimya, ikaifuata njia iliyoikuta. Hata hivyo, kwa mtu atakaye kujua jinsi watu wa Tarime na Serengeti walivyosafiri katika karne ya 20, chombo hiki cha magurudumu mawili kina maelezo mengi kuliko malori yote yaliyopata kuvuka mpaka wa Sirari.

Yafaa kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Ziwa Victoria limelala mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukoni Shirati na Kinesi nchi huanza kupanda polepole kuelekea mashariki, hata ikafika katika milima ya Tarime, makao ya Wakuria, penye baridi, migomba na kahawa. Kusini yake hupita Mto Mara, ambao chemchemi zake ziko katika misitu ya Mau nchini Kenya. Mto huo hukata Serengeti, hujipoteza katika mabwawa makubwa ya matete, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Ng'ambo ya mto ndiko waliko Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na mji wa Mugumu ulio makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Msomaji akumbuke pia kuwa Tarime ya leo haina tena ule mwambao wa Shirati: ulikatwa mwaka 2007 ilipoundwa wilaya ya Rorya. Lakini kabla ya mwaka huo ziwa na mlima vilikuwa vya wilaya moja, na mazungumzo yetu mengi ni ya wakati huo.

Kabla ya kuja kwa gurudumu lolote, nchi hii ilikuwa na njia za mguu. Njia ya mguu ina upana wa mtu mmoja. Huzunguka jiwe badala ya kulipasua, hufuata mgongo wa kilima ili kukwepa tope, na hupita mlangoni kwa watu, kwa sababu msafiri huhitaji maji na salamu. Njia hizo zilikuwa za zamani kuliko mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886 kuupitisha toka ziwani, ukawagawa Wakuria na Wajaluo katika nchi mbili. Wajerumani walijenga boma Shirati kwenye ziwa na ngome Ikoma upande wa mbuga. Lakini hata askari wao na wapagazi wao walikwenda kwa safu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa njia haikuruhusu namna nyingine.

Sasa tazama maajabu ya baisikeli. Mkokoteni hutaka njia yenye upana wa magurudumu mawili, gari la moshi hutaka tuta na vyuma, na motokaa hutaka barabara iliyofyekwa na madaraja yaliyo imara. Baisikeli peke yake, katika vyombo vyote vya magurudumu vilivyotoka Ulaya, ndiyo iliyoweza kupita mahali palipopita unyayo. Magurudumu yake hufuatana, moja nyuma ya jingine, kama wapagazi wale wale. Ndiyo maana nasema chombo hiki hakikuja kuibadilisha nchi; kiliikubali jinsi kilivyoikuta.

Hakikuwa cha kale sana. John Kemp Starley wa Coventry alikitoa kwa umbo tulijualo, la magurudumu yaliyo sawa na mnyororo wa nyuma, mwaka 1885. Naye John Boyd Dunlop akapata hati ya mpira wa kujazwa upepo mwaka 1888. Mpira huo ulihitaji ulimbo, na sehemu ya ulimbo huo ikatoka katika misitu ya Kongo kwa mateso ambayo hayasemeki. Mtu aliyefurahia ulaini wa safari yake katika mabustani ya Ulaya hakuijua gharama iliyolipwa na mikono ya Waafrika. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baisikeli, ile ya zamani yenye gurudumu moja kubwa na moja dogo, alifika Afrika Mashariki mwaka 1889, ametumwa na gazeti la New York kumtafuta Stanley. Huku kwetu alikwenda kwa miguu na wapagazi kama wazungu wengine. Baisikeli yake ya gurudumu kubwa isingaliweza njia zetu. Ile ya Starley ingaliweza.

Kama ilivyokuwa kwingi Afrika Mashariki, waliotangulia kumiliki baisikeli walikuwa watu wa mshahara: makarani, waalimu, wahubiri na wasaidizi wa hospitali. Wamisionari Wamenoni walianza kazi Shirati mwaka 1934, na kazi ya namna hiyo, yenye shule na makanisa yaliyotawanyika vijijini, haiwezekani bila mtu wa kuzunguka. Baadaye zikaja fedha za kahawa katika milima ya Tarime, na mishahara ya Wakuria waliokwenda jeshini, katika migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, au katika mashamba ya chai ya Kericho. Kijana aliyerudi na baisikeli nyeusi ya Raleigh, yenye kengele na taa, alikuwa amerudi na ushahidi kuwa hakupoteza miaka yake. Mbele ya baba yake ushahidi huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: hauzai. Ng'ombe huzaa, na ng'ombe ndiye aletaye mke. Wajaluo waliiita ndiga, wakaipokea bila ubishi mwingi. Wanawake hawakukaribishwa kuiendesha. Walipewa nafasi ya nyuma, juu ya keria, pamoja na mizigo mingine. Katika habari hii yote sioni dhuluma iliyonyamaziwa zaidi ya hiyo.

Kazi kubwa ya baisikeli ilikuwa kuunganisha mlima na ziwa. Mlima una ndizi, ziwa lina samaki. Mchuuzi hushuka na mikungu iliyofungwa kwa kamba za mpira, akishika breki mpaka zinuke, na hupanda na kapu la sato au gunia la dagaa. Kupanda kwenyewe si kuendesha bali ni kusukuma. Watu wengi hufikiri kuwa baisikeli ni chombo cha kumbeba mtu. Katika nchi ya milima nusu ya maisha yake hubebwa, ama husukumwa kama punda mgonjwa. Na kabla ya kujengwa daraja la Kirumi, penye Mto Mara gari lilisubiri kivuko, bali baisikeli ililazwa ndani ya mtumbwi ikavuka na mwenyewe.

Nimesema reli huandikwa sana. Basi na tuitaje reli ambayo haikuja, kwani ndiyo iliyoamua mengi. Gari la moshi lilifika Kisumu mwaka 1901, likafika Mwanza mwaka 1928, na Arusha mwaka 1929. Toka Arusha ilinenwa mara nyingi kuwa litaendelea mpaka Musoma, halikuendelea. Mwambao wote toka mpaka wa Kenya hadi ghuba ya Mara ukaachiwa meli, mtumbwi na mguu. Barabara kuu ya lami ilipojengwa baadaye ilipita bara, toka Sirari hadi Tarime na kushuka Kirumi, ikauacha ufuko wa ziwa pembeni. Huo ndio utulivu anaousifu mgeni anayepanda baisikeli toka Kinesi kwenda Shirati, ziwa likiwa mkono wa kushoto na vilima mkono wa kulia, bila kusumbuliwa na lori. Ni utulivu wa mahali palipopitwa.

Huko Ireland iko njia ya baisikeli ya kilomita 42, toka Westport hadi Achill, kando ya bahari. Ilitengenezwa mnamo mwaka 2010 juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1937. Watu hutoka mbali kuifuata. Pale reli ilikuja, ikafa, ikaacha urithi wa njia isiyo na magari. Hapa reli haikuzaliwa, na njia isiyo na magari haikuandikiwa sheria yoyote ya kuilinda. Wale walichagua utulivu baada ya kuchoka na mwendo. Wetu hawakuulizwa.

Upande wa Serengeti mambo yalikwenda kinyume: huko utulivu uliwekwa kwa sheria. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na katika miaka ya 1960 Wakuria waliokuwa Lamai, kaskazini ya Mto Mara, wakaondolewa. Njia za mguu zilizoingia mbugani zikawa haramu kwa usiku mmoja. Kisha mwaka 2010 ikatangazwa barabara kuu ya kutoka Musoma hadi Arusha kupitia Mugumu na Loliondo, ambayo ingepita ndani ya hifadhi kwa zaidi ya kilomita 50. Watetezi wa wanyama wakashtaki, na Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaizuia serikali kuweka lami katika kipande hicho. Mimi naikubali hukumu ile, maana nyumbu wasingalipata mahakama nyingine. Lakini sikubaliani na wanaodhani kuwa ilikuwa bure. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu, alikwenda kwa miguu hadi Mwanza Oktoba 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha, na dunia ikastaajabu. Mama wa Mugumu anayepeleka mgonjwa hatembei ili dunia istaajabu.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam kilitoa baisikeli za Swala, na baada yake zikaenea zile za Phoenix kutoka China na za Hero na Avon kutoka India. Neno bodaboda nalo lilizaliwa kwa waendesha baisikeli wa Busia katika miaka ya 1960, waliowavusha watu toka mpaka hadi mpaka. Sasa limehamia pikipiki na mwenye jina amesahauliwa. Pikipiki hupanda mlima wa Tarime bila kusukumwa, na mchuuzi wa samaki hawezi kulaumiwa kwa kuipenda. Hata hivyo chini ya mti penye soko lolote la Rorya au la Mugumu utamkuta bado fundi baisikeli na karai lake la maji, akizamisha mpira na kungoja povu litokee ili ajue mahali pa kubandika kiraka. Wateja wake wengi ni watoto wa shule za sekondari za kata, na baadhi yao ni wasichana, wakiwa wamekalia kiti cha mbele.