Kamusi, Tarakilishi na Ulimi wa Mvita: Historia ya Mashine Kusomeshwa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti wa vyuo vikuu uliokusudia kuiwezesha tarakilishi kusoma Kiswahili. Utafiti huo ni tawi la taaluma ya akili bandia, na matunda yake yamekwisha kuingia katika shughuli za kila siku: karani anayesahihishiwa tahajia, mwanafunzi anayetafsiriwa aya, mfanyabiashara anayejibiwa maswali na simu yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili ilichosomeshwa mashine kilikuwa kimekwisha kuteuliwa na binadamu miongo mingi kabla ya mashine yenyewe kuwako, na kwamba hasara ya uteuzi huo huonekana wazi zaidi katika ushairi.

Uteuzi wa kwanza

Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam uliozungumzia haja ya kuwa na Kiswahili cha namna moja shuleni. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Kimvita, lahaja iliyokuwa imemlea Muyaka bin Haji na kizazi kirefu cha malenga, kiliachwa nje ya mlango katika mji wake mwenyewe.

Kazi za Kamati hiyo zilirithiwa mwaka 1964 na asasi ya Dar es Salaam ambayo baadaye ilijulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Mwaka 1981 Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo, kati ya mkutano wa 1928 na kamusi ya 1981 pana ukoo usiokatika. Ukoo huu hauna budi kukumbukwa kila inapodaiwa kuwa mashine haina upendeleo.

Helsinki na kanuni za mofolojia

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, aliwasilisha tasnifu iliyoeleza njia ya kuchanganua maneno kwa ngazi mbili: ngazi ya mofimu zilizo katika msamiati, na ngazi ya neno kama linavyoandikwa. Kanuni huunganisha ngazi hizo. Kwa mfano, kiambishi mu- kikikutana na shina -alimu, huandikwa mwalimu. Njia hiyo iliifaa Kiswahili vizuri sana. Neno kama hatukuwaandikia halimo katika kamusi yoyote. Kamusi ina andika tu. Mashine isiyojua kuvua viambishi kimoja kimoja ingelihesabu neno hilo kuwa geni.

Arvi Hurskainen, mwalimu wa lugha za Kiafrika katika chuo hicho, alianza kazi ya Kiswahili mwaka 1985, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kichanganuzi chake. Tatizo lililofuata lilikuwa utata. Neno kaa laweza kuwa kitenzi, kipande cha moto au kiumbe wa baharini. Fred Karlsson, pia wa Helsinki, alikuwa amebuni mwaka 1990 sarufi ya vizuizi, yaani kanuni zinazoondoa fasiri zisizolingana na maneno jirani. Katika Kiswahili, upatanisho wa ngeli ulifanya kazi kubwa hapo: kaa la na kaa wa hutengana mara moja.

Haitakuwa haki kudai kwamba watafiti hao walizipuuza lahaja. Kati ya 1988 na 1992 Helsinki na Dar es Salaam zilishirikiana kukusanya sauti za lahaja na fasihi simulizi nchini Tanzania. Aidha, mwaka 1994 Hurskainen alichapisha makala iliyoitia Kamusi ya Kiswahili Sanifu yenyewe katika mtihani kwa kutumia tarakilishi. Chombo kilichohitaji kamusi ili kizaliwe kiligeuka kuwa mkaguzi wa kamusi. Jambo hili lina uzito, na litarejelewa hapa chini.

Kutoka kanuni hadi wingi

Mwaka 2004 Helsinki ilitoa hazina ya matini za Kiswahili yenye maneno yapatayo milioni 12.5; toleo la 2016 lilifikia milioni 25. Sehemu kubwa ya matini hizo ni habari za magazeti, na toleo la pili liliongeza mijadala ya Bunge la Tanzania. Vitabu pia vimo.

Hazina kama hiyo ilifungua njia ya pili. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walieleza jinsi mashine inavyoweza kujifunza aina za maneno ya Kiswahili kutokana na mifano iliyokwisha kutiwa alama, bila ya kuandikiwa kanuni moja moja. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri. Programu za mazungumzo zilizoenea tangu 2022 zimejengwa juu ya wazo hilo hilo, kwa kiasi kikubwa mno cha maandishi.

Mamlaka yalibadilika hapa. Zamani kamusi ndiyo iliyoamua neno lipi ni neno. Sasa wingi wa matumizi ndio unaoamua. Hata hivyo, mshairi wa Mvita hakunufaika na mabadiliko hayo. Kamusi ilimwacha kwa sababu lahaja yake haikuteuliwa. Wingi unamwacha kwa sababu kilichoteuliwa ndicho kilichoandikwa shuleni, magazetini na bungeni kwa zaidi ya miaka 90.

Ndoo, tini, teka

Athari za hali hii katika fasihi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni nyepesi. Mtu akiandika mato kwa maana ya macho, au nti kwa maana ya nchi, programu inayotegemea msamiati sanifu pekee italipigia neno hilo mstari. Mwandishi huona, huudhika, kisha huendelea.

Aina ya pili ni nzito, kwani haina mstari wa kuonya. Katika Kimvita, ndoo ni mwito: njoo. Tini ni chini. Teka ni cheka. Maneno hayo matatu yamo pia katika Kiswahili sanifu, lakini kwa maana nyingine: ndoo ni chombo cha maji, tini ni tunda, na teka ni kuchota maji au kukamata nyara. Mashine iliyofunzwa sanifu tu haitasita hata kidogo. Mpenzi anayeitwa na mshairi atageuzwa chombo cha kisimani, na anayecheka atakuwa anachota maji. Kosa hili ni la hatari kwa sababu lina sura ya usahihi. Msomaji asiyeijua lahaja hana pa kulishukia.

Mashairi ya Muyaka yaliyochunguzwa na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979, Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971) na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) yote yamo katika mkabala wa hatari hiyo. Miswada mingi ya kale imo katika hati za Kiarabu, kwenye maktaba za Dar es Salaam na London, nayo iko mbali zaidi na macho ya mashine.

Hitimisho

Historia hii haitoi sababu ya kuikataa tarakilishi. Mtihani wa 1994 ulionyesha kwamba mashine ikipewa matini, yaweza kuwafichulia binadamu mapengo ya kamusi zao. Kinachotakiwa ni kuipa matini zinazostahili. Mradi wa Kencorpus, uliowashirikisha watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene na kuelezwa mwaka 2022, ulikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Kazi ya namna hiyo haijafanyiwa ushairi wa pwani kwa kiwango unachostahili.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Kuhariri mswada, kueleza kwamba ndoo ya ubeti fulani ni mwito, na kubainisha panapostahili utata kuachwa kwa kuwa mshairi aliukusudia, ni kazi ya mhakiki. Sheikh Ahmed Nabhany alithibitisha kwa neno runinga, alilolibuni kutokana na maneno ya kale, kwamba lahaja zaweza kukilisha Kiswahili cha kisasa. Idara za Kiswahili zisipoifanya kazi hiyo, uteuzi wa 1928 utaendelea kutekelezwa na mitambo ambayo haijui kwamba kulikuwa na uteuzi.