Sabato ya Siri Karibu na Mbale

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunasafiri kwa historia. Ukivuka Mto Nile pale Jinja, ukashika barabara ya Iganga, unafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Karibu na mji huo, kwenye kilima cha Nabugoye, wako raia wa Uganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Wanaitwa Abayudaya.

Jamii yao ilianza mwaka 1919. Semei Kakungulu, kiongozi wa vita aliyekosana na Waingereza, aliamua kushika sheria za Musa. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake waliendelea.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na baadaye akapiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha kwa hofu. Waliobaki walisali kwa siri. Ijumaa jua likizama, Sabato inaingia. Kazi zinasimama hadi Jumamosi jioni. Amin aliweza kufunga nyumba ya ibada, lakini Ijumaa hakuweza kuifunga. Alipoangushwa Aprili 1979, hao wachache ndio walioiinua jamii upya.

Wayahudi wana pia mila ya msiba. Kwa siku saba wafiwa wanakaa nyumbani, majirani wanaleta chakula. Mgeni hasemi kitu mpaka mfiwa aanze. Hakuna wa kumwambia, “Jikaze.”

Mimi nilikimbia bila kumzika baba. Hapa kambini kila mtu aliniambia nijikaze. Nikajikaza, usingizi ukanihama. Kisha mama mmoja jirani akaja na uji, akakaa mlangoni kimya. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu nikaanza kusimulia, na usiku ule nililala.

Ndugu zangu, sisemi mbadili dini. Matanga tunayo hata sisi. Vita ndiyo ilitunyima nafasi ya kukaa. Basi tukae sasa. Familia ichague jioni moja kila wiki ya kula pamoja, bila kuzungumzia foleni ya mgao. Na ukiona jirani amejifungia, nenda ukakae naye. Usingizi ukikosekana wiki nyingi, au ukiwaza kujidhuru, mwone mhudumu wa afya leo. Si aibu.

Ni mimi mtangazaji wenu. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)